Ruhusa ya Kumtukana Mkwe

Kabla ya posa, Silima alikuwa akimtukana Msabah vizuri sana, hata watu wakija makusudi kusikiliza. Mazoezi ya mchezo wao yalifanyika alasiri katika ghala moja tupu nyuma ya soko la Darajani, na ilipofika pale Luteni, ndiye Silima, anapomvaa Kapteni hemani, wauza ndizi waliacha ndizi zao wakaja kuchungulia dirishani. Silima, ambaye asubuhi ni fundi seremala wa Kiponda asiyejua hata kugombana na mteja, alimkamata Msabah ukosi akamtikisa, akamwambia kuwa yeye ni muoga aliyejipamba vifungo, na kwamba damu za watu si uzi wa kushonea. Msabah akifurahi kupita kiasi. Wakimaliza alimpiga Silima begani akamwambia kuwa miaka yote aliyoigiza hajapata kutukanwa na mtu anayeijua kazi yake namna ile.

Kisha Silima akapenda, mambo yakaharibika.

Mchezo wenyewe ulitungwa na Mohamedhussein, fundi wa redio, ambaye hakuna filamu iliyopita mjini asiyoitazama mara mbili. Ulikuwa mchezo wa vita. Vita vya nani na nani, hakusema. Ulikuwa mwaka wa pili baada ya Mapinduzi, na Mohamedhussein hakutaka mtu aje kumuuliza yuko upande gani, kwa hiyo nchi zake mbili hazikuwa na majina wala rangi ya bendera. Kilichojulikana ni kuwa kuna daraja, ng'ambo ya daraja kuna adui, na Kapteni ameamua kuwa alfajiri kikosi kitalivamia daraja hilo, liwe na liwalo. Luteni anajua kuwa wanapelekwa kufa bure. Sehemu yote ya kwanza ni wakubwa hao wawili wanavyopandishiana hemani, mpaka Luteni anamwinulia Kapteni ngumi, na Sajenti anaruka kuudaka mkono kabla haujafika. Sehemu ya pili ni uvamizi wenyewe, na humo Luteni anakufa.

Kapteni alikuwa Msabah, fundi cherehani wa Mkunazini, mtu mzima mwenye sauti nzito ambaye katika mchezo wowote hakukubali kuwa chini ya kapteni. Sare za jeshi zima alizishona yeye. Yake aliitia vifungo vya shaba kila palipokuwa na nafasi, na vyengine akavitia mahali pasipokuwa na nafasi.

Siku Silima alipokwenda kujaribu sare yake, alisimama ukumbini kwa Msabah mikono ameitandaza, fundi akimzunguka na pini mdomoni. Nyuma ya pazia ikatoka sauti ya mwanamwali inayozuia kicheko. Ikasema kuwa baba leo amemshonea mtu mikono miwili ya watu wawili tofauti. Na kweli, mkono wa kushoto ulimfunika Silima mpaka vidoleni. Pazia likasogea kidogo, akaona nusu ya uso, jicho moja na shavu lenye kishimo, basi. Alitoka pale hajui kama anakwenda Kiponda au anarudi. Wiki haikupita, mjomba wake Jecha wa Mtoni akafunga kilemba na kwenda kumposea Mwatima binti Msabah.

Sasa mkwe ni mkwe. Mtu na baba mkwe wake hawatazamani machoni. Ukikutana naye kichochoroni unajibana ukutani apite, ukikaa naye kwenye sinia unakula matonge mawili na kusema umeshiba huku tumbo linakulilia. Huyo ni aliyekwisha oa. Anayengojea jibu la posa ana adabu zaidi, maana bado hajapewa kitu. Huyu ndiye aliyetakiwa na Mohamedhussein amkamate mkwewe ukosi na kumwita muoga mbele ya watu.

Mazoezi ya kwanza baada ya posa, Silima alivua viatu kabla ya kuingia hemani. Alipofika mbele ya Kapteni akatoa shikamoo. Kapteni, kwa mazoea, akaitikia marahaba, na vita vikasimama hapo hapo. Mohamedhussein akawaomba waanze tena. Safari hii Silima alijitahidi, akafika mpaka kwenye ukosi, lakini aliushika kwa vidole viwili, taratibu, mtu angedhani anauliza bei ya kitambaa. Akasema, huku akitazama chini, kwamba Kapteni ni muoga, baba, kwa heshima yako. Dirishani muuza ndizi mmoja akasema heri arudi kwenye ndizi zake.

Siku zikenda hivyo. Hema lenyewe lilikuwa la magunia yaliyokwisha kazi ya karafuu, limejaa vumbi, na kila mtu aliyeingia alipiga chafya, kwa hiyo hata pale Silima alipobahatika kupata ukali kidogo ulimtokea puani. Mohamedhussein alinyoa ndevu kwa hasira, kisha akajuta. Silima alimfuata dukani kwake akamwomba ampe kazi ya maiti. Mohamedhussein akamjibu kuwa maiti zimejaa, kila mtu mvivu wa kukariri keshaomba kuwa maiti, na akiongeza moja hapatakuwa na pa kukanyaga.

Aliyeumia zaidi alikuwa Msabah. Alizoea kutukanwa akashiba, na sasa amepigwa na njaa. Siku moja alimngoja Silima mlangoni mwa ghala akamvuta pembeni.

"Silima, sikiliza. Mie nnakupenda kama mwanangu, na posa yako mie sina neno nayo. Lakini nshakwambia, na leo nakwambia mara ya mwisho: nitukane kama mtu. Mie sitoi binti yangu kwa mwanamme anayeniharibia mchezo."

Silima akajibu naam, akainamisha kichwa, na jioni ile akatukana vibaya kuliko siku zote.

Mambo yangekuwa hayo tu, yangekuwa ya kucheka. Usiku ule mjomba Jecha alirudi kutoka Mkunazini na maneno ya wanawake, na hayo hayakuwa ya kucheka. Bi Mwanamkasi, mama yake Mwatima, alikwisha uliza habari za Silima kila pahala panapoulizwa: msikitini, kwa kinyozi, kwa majirani wa Kiponda. Aliambiwa kuwa kijana hana mali, akasema mali si kitu. Aliambiwa kuwa ukoo wao si mkubwa, akasema hata wao si wakubwa. Alichotaka kujua ni kitu kimoja tu, nacho ni kama kijana ana hasira. Binti yake mkubwa, Wanu, aliolewa Bwejuu na mtu aliyesifiwa na kila mtu kwa upole, na miaka miwili iliyopita alirudi nyumbani kwa miguu yake, mkono umefungwa kwa kanga. Tangu siku hiyo Wanu hufua, hupika, huitikia akiitwa. Kucheka hakucheka tena.

"Mama mtu kasema hivi," Jecha akamwambia. "Idi pili atakuja kutazama mchezo wenu, na Wanu atakuja naye. Atakalosema Wanu ndilo jibu. Kasema Wanu anaujua mkono wa mwanamme unapoinuka, wa mchezo na wa kweli."

Silima aliketi juu ya benchi lake la kazi, akacheka mpaka machozi yakamtoka, maana hakuona jengine la kufanya. Asipomwinulia Msabah mkono, baba hatoi binti. Akimwinulia, mama hatoi. Na alikuwa akimtaka Mwatima kwa moyo wote, kwa ile nusu uso aliyoiona na ile nusu ya pili aliyokuwa akiimaliza mwenyewe kila akiweka kichwa kwenye mto.

Idi pili ikafika, na alasiri ukumbi wa Ng'ambo ukajaa pomoni. Wanaume walikaa kulia na kanzu zao mpya, wanawake kushoto na mabuibui, watoto kila pahala, na harufu ya udi na halua ilikuwa nzito hata mtu angeweza kushiba kwa kuvuta pumzi. Silima alichungulia kwenye tundu la pazia. Safu ya pili upande wa wanawake aliketi Bi Mwanamkasi, mgongo wima, mkoba magotini. Kando yake aliketi mwanamke mwembamba ambaye macho yake hayakuwa yakitazama kitu. Silima akaomba maji, akanywa, akaomba tena.

Pazia likafunguliwa. Kapteni alikuwa amesimama hemani mbele ya ramani, vifungo vinang'aa, na watoto wakampigia makofi. Luteni akaingia. Alikumbuka kutovua viatu, na hapo ndipo kumbukumbu yake ilipokoma.

"Kapteni," alisema kwa sauti ya mtu anayebisha hodi, "mie nnaona... kuhusu lile daraja..."

Mohamedhussein nyuma ya pazia alimnong'oneza maneno mara moja, kisha mara ya pili kwa nguvu hata safu ya kwanza ikasikia. Silima akafungua mdomo, akaufunga. Msabah alimtazama, na machoni mwake mlikuwa na maombi ya kweli, kisha maombi yakaondoka, ukaja ujanja. Akaiacha ramani, akamwendea.

"Niliomba niletewe mwanamme," Kapteni akanguruma, "nikaletewa mwari."

Haya hayakuwamo mchezoni. Ukumbi ukacheka, na wanawake ndio waliocheka zaidi. Msabah akanogewa. Akamzunguka Luteni akimkagua, akauliza mtu kama huyu nani atamwamini, nani atampa hata kuku amtunzie, seuze kikosi. Nusu ya ukumbi ilikuwa na habari za posa, mji wenyewe mdogo, na nusu hiyo ikaipa habari nusu ya pili pale pale. Kicheko kikapanda mpaka kwenye mabati.

Silima akahisi masikio yanawaka. Kitu kikampanda kutoka tumboni, na kilipofika kifuani aliona kuwa si hofu hata kidogo, ni furaha. Aliruhusiwa. Zaidi ya kuruhusiwa, aliombwa. Akamkamata Msabah ukosi kwa mikono miwili.

"Wewe Kapteni," akasema, na sauti ikafika mpaka kwa wauza kashata waliokuwa mlangoni, "tangu uzaliwe hujavuka daraja ila la kwendea kununua uzi."

Ukumbi ukalipuka. Naye akaachia yote. Akamwambia vifungo vile angevigawa, jeshi zima lingepata kufunga mashati. Akamwambia watu wanakufa na yeye anapiga pasi. Akamwambia kuwa mikono ya sare za wanajeshi ina urefu mbalimbali na adui anaijua, ndiyo maana haogopi. Yote hayo aliyasema kwa utamu ambao hajapata kuuonja maishani, utamu wa mtu anayemtukana mkwewe kwa ruhusa ya mkwe mwenyewe, na kila neno lilileta jengine nyuma yake. Wanaume walisimama juu ya mabenchi. Bi Mwanamkasi mwenyewe alikuwa ameuziba mdomo kwa ukaya wa buibui, na mabega yanamtikisika.

Msabah mwanzo aliona raha. Uso wote ulimng'aa kwa fahari. Lakini kicheko hakikukoma, na mtu mmoja nyuma kabisa akapaza sauti akamwita kwa jina lake, akamwambia Msabah kafunge duka. Ukumbi mzima ukaishika hiyo. Hapo Kapteni akaondoka jukwaani. Aliyebaki alikuwa fundi cherehani wa Mkunazini anayechekwa na mji mzima, pamoja na mkewe, siku ya Idi. Mkono wake ukaruka.

Lilikuwa kofi la kweli. Makofi ya mchezo yana sauti yake, na hili halikuwa na sauti hiyo. Kofia ya Silima ikaanguka, na ukumbi ukanyamaza ghafla, hata watoto.

Mkono wa Silima tayari ulikuwa juu. Ngumi ilikuwemo mchezoni, na mwili uliikumbuka wenyewe, lakini iliyokuwamo ndani ya ngumi ile sasa ilikuwa hasira yake mwenyewe, halisi, na yeye alishangaa kuwa anayo. Sajenti ndiye aliyetakiwa aruke audake mkono ule. Sajenti alikuwa Mcha, mchukuzi wa bandarini, na wakati huo Mcha alikuwa ameinama nyuma ya magunia ya karafuu akipiga chafya moja baada ya nyengine, machozi yanamtoka, hana habari na dunia. Hakuna mtu aliyekuja kuudaka mkono wa Silima.

Juu ya bega la Msabah Silima akaona upande wa wanawake, na katika safu ya pili akamwona Wanu. Alikuwa amejikunja kwenye kiti, kichwa ameinamisha, kiwiko amekiinua mbele ya uso. Alikuwa mbali, safu ya mbele na jukwaa zima kati yao, na bado alikuwa akijikinga. Silima hakuikumbuka posa wala Mwatima wakati ule. Aliona tu kuwa kuna mtu anauogopa mkono wake, na mkono ukamchukiza.

Akaukunjua. Akaurudisha chini polepole, kwa sababu ulikuwa mzito, mpaka ukafika ubavuni. Akainama akaokota kofia, akaipangusa vumbi kwa kiganja hicho hicho, akaivaa. Kisha akapiga saluti.

"Kapteni," akasema, na safari hii hakupaza sauti, "daraja ntakwenda mie. Wewe umekwisha choka."

Akageuka akatoka. Pazia halikufungwa, maana Mohamedhussein, aliyekuwa na kamba yake, alikuwa akilia. Ukumbi haukujua kama mchezo unaendelea au kuna ugomvi. Ndipo kikasikika kigelegele kimoja, chembamba, kilichokwaruza kama mlango uliokaa miaka haufunguliwi. Bi Mwanamkasi akageuka kutazama ni nani. Alikuwa Wanu. Akavuta pumzi akapiga cha pili, na hicho kikatoka safi, na wanawake wote wakakidaka.

Nyuma ya jukwaa Msabah alikaa juu ya sanduku la bunduki za mbao, kiganja ameweka wazi magotini, anakitazama.

"Nimekupiga," akasema.

"Umenipiga, mzee."

"Haikuwemo mchezoni."

"Haikuwemo."

Msabah akatikisa kichwa. Alisema kuwa ile safari aliyokwenda Bwejuu kumchukulia Wanu vyombo vyake, alimwita yule bwana barazani akamwambia kuwa mwanamme anayenyanyua mkono hana akili wala dini. Alimwambia kwa mdomo huu huu. Silima, kwa kuwa mkwe ni mkwe, alijitafutia kazi ya kuzikung'uta bunduki.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa, sauti ya Bi Mwanamkasi ikaingia kabla yake. Silima hakungoja. Kukutana uso kwa uso na mama mkwe ni jambo ambalo hata Luteni hana ujasiri nalo, akajitupa nyuma ya magunia ya hema, akajibana hapo, akaziba pua kwa vidole.

"Baba Wanu," Bi Mwanamkasi akamwambia mumewe, "nilikuja kutafuta mwenye hasira. Nimempata, kumbe nnalala naye."

Msabah akasema ni kweli. Hakujitetea, na hilo lilimshangaza mkewe kuliko kofi lenyewe.

Magunia yakapiga chafya. Bi Mwanamkasi, kwa adabu, akajifanya hakusikia, akageukia ukuta. Lakini Wanu alisogea mpaka yalipo magunia, akasimama. Silima aliona ncha ya buibui na makubadhi yake tu.

"Mwambieni huyo asiyekuwepo," Wanu akasema, na ilikuwa sauti ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuitumia, "nimeuona mkono wake unakwenda juu. Nimeuona na unarudi wenyewe, bila ya kushikwa na mtu. Mie sijapata kuuona unaorudi. Mwambieni harusi mwezi ujao, Mfungo Pili. Na Mwatima ntampeleka mie."

Nyuma ya magunia Silima alikaa na vidole puani, anacheka na analia, na vumbi la karafuu likimsaidia yote mawili. Wanu akamkamata baba yake kile kiganja, akakifunga, akamrudishia.

Mohamedhussein akaja mbio, macho mekundu, akauliza kama wamesahau kuwa kuna vita. Watu wanapiga mabenchi, daraja limekwisha simamishwa, maiti wako tayari wamelala na mmoja ameanza kukoroma. Wanawake wakatoka kurudi kwenye viti vyao. Msabah akasimama, akajinyoosha vifungo vyake, akayafunua magunia na kumpa Silima mkono kumwinua.

"Twende, mwanangu," akasema. "Tutakwenda wote."

Hilo pia halikuwemo mchezoni, Kapteni alitakiwa abaki hemani. Lakini walitoka pamoja, bega kwa bega, na Mcha nyuma yao akipiga chafya na bendera isiyo na rangi. Walilivamia daraja la Mohamedhussein kwa kishindo hata ubao mmoja ukavunjika, na adui, ambao walikuwa wanne, walikimbia kabla ya zamu yao ya kukimbia. Luteni akapigwa risasi katikati ya daraja kama ilivyoandikwa. Akaanguka, Kapteni akampakata kichwa na kuanza hotuba yake ya huzuni. Nyuma ya pazia Mohamedhussein alinong'ona kwa ghadhabu, akamsihi, akamtishia, akamwambia kuwa maiti haichezi mabega. Haikusaidia. Luteni alitakiwa afe kwa uchungu mkubwa, na alikufa anacheka, na safu ya pili upande wa wanawake Wanu naye alikuwa akicheka.